Jibu: Ni kweli wafalme wa vita ya 1914 walikuwa ndugu?

Ndugu yangu, ni kweli, tena wa karibu sana. Mama zao George V wa Uingereza na Nicholas II wa Urusi, yaani Alexandra na Dagmar, walikuwa dada wa tumbo moja, mabinti wa Christian IX wa Denmark. Kwetu hao ni ndugu kabisa. Wilhelm II wa Ujerumani naye alikuwa mtoto wa shangazi yake George, na wote wawili wajukuu wa Malkia Victoria. Mke wa Nicholas pia alikuwa mjukuu wa Victoria, hivyo Wilhelm ni shemeji yake Nicholas.

Kinachoniuma ni 1917: Nicholas alipoondolewa madarakani, serikali ya Uingereza ilikubali kumpokea, George akapinga. Julai 1918 Nicholas akauawa pamoja na mkewe na watoto wote watano.