Muulize Fundi: Sili mpya, oili inavuja vilevile

SWALI: Shikamoo fundi. Skidi stia yangu (mashine ndogo ya kupakia mizigo) inapungukiwa oili ya haidroliki, lakini chini haidondoshi. Nimebadilisha sili (mpira wa kuzuia oili) ya mota ya kuendeshea magurudumu ya kushoto; oili bado inapungua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Oili inayopotea bila kudondoka mara nyingi imeingia kwenye boksi la cheni zinazozungusha magurudumu. Fungua plagi ya kupimia oili ya boksi hilo. Oili ikimwagika kwa wingi, sili imeachia tena. Usikimbilie kununua nyingine, tafuta kwanza kinachoiharibu.

Mota ina paipu nyembamba inayorudisha kwenye tangi oili iliyopenya ndani. Paipu hiyo ikijikunja, au filta yake ikiziba, presha hupanda ndani ya mota na kuisukuma sili nje, hata iwe mpya kabisa. Mimi ningeanzia hapo. Ukikuta chembe za chuma kwenye filta, kuna mota au pampu inayosagika, na sili haitakuokoa. Kisha pitisha ukucha kwenye shafti ya mota: ukinasa kwenye mfereji uliochimbika, hapo sili haishiki. Beringi nayo isiwe imelegea.

Nakusihi sana, uvujaji usiutafute kwa kupapasa. Oili yenye presha hupenya glavu na ngozi; kidonda huonekana kama tundu la sindano, kumbe ni cha kukimbiziwa hospitali. Tumia kipande cha kadibodi. Kabla ya kufungua chochote shusha mikono ya mashine, zima injini, toa presha, kisha egemeza mashine kwenye stendi imara.

Ukimaliza, mwaga oili yote ya boksi la cheni, ujaze inayotajwa kwenye kitabu cha mashine.