Mwache azunguke na gari, hajapotea

Juzi kati msomaji wangu mmoja kanitumia meseji ndefu saa sita usiku. Anasema mumewe akishaswali magharibi anachukua funguo anatoka na gari, lisaa au lisaa na nusu ndo anarudi, akimuuliza alikuwa wapi jibu ni hilohilo, nilikuwa nazunguka tu. Simu ameshakagua hamna kitu, shati ameshanusa hamna kitu, sasa anataka nimshauri amfuate na bodaboda au awaite wazee waongee nae. Ile meseji nimeirudia mara tatu na usingizi ukakata hapohapo, manake kwenye hiyo stori mimi sio yule mke. Mimi ndo niliyekuwa nanuswa.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua marehemu mume wangu aliniacha na watoto wawili na Vitz. Nikakaa eda miezi 4 na siku 10, nyumba imejaa watu, ubani, dua, mawifi wanapika wanafua. Eda ikaisha watu wakaenda makwao, na msiba wangu mimi ndo ukaanza. Mchana nilikuwa sawa, nina cherehani yangu na wateja, ila magharibi ikishaadhiniwa, ile saa aliyokuwa anafungua geti, masikio yanasimama yenyewe yanasubiri geti. Kila siku ya Mungu. Gari limekaa uani limejaa majani ya mwembe na shemeji ameshaleta mteja mara mbili bila kuniuliza mimi mwenyewe.

Sikuliuza. Nikajifunza, nikapata leseni, na jioni ya kwanza kutoka peke yangu sikupanga kwenda popote, nilitaka tu ile saa inipite nikiwa siko sebuleni. Nikatoka Chumbageni, hapa Tanga mjini, nikashuka Raskazone, vijana wanarudi kuogelea miguu ina mchanga, nikaenda mpaka Sahare nikageuza, nikaingia Ngamiani nikawa napita barabara moja baada ya nyingine, ya 10, ya 11, ya 12, nahesabu kwa sauti, harufu ya mishikaki na mihogo ya kukaanga inaingia dirishani, watu wako barazani na mazungumzo yao na hakuna anayenipa pole. Kuja kushtuka isha imeshaadhiniwa. Ile saa ilikuwa imepita na mimi geti sikulisubiri. Nililia, lakini kilikuwa kilio kingine.

Basi ikawa ndo dawa yangu. Jumapili naongeza umbali, nashika barabara ya Pangani mpaka Tongoni kwenye magofu ya ule msikiti wa kale na makaburi yake, kama kilomita 17 hivi, sishuki, nageuza narudi. Siku nyingine naenda upande wa Amboni kwenye mkonge, na huko ndo roho yangu inapolala kabisa. Marehemu baba alikuwa mkata mkonge. Alipenda kutusimulia jinsi Mjerumani mmoja, Hindorf, alivyouleta mwaka 1893, miche 62 tu ndo ikafika hai, ikapandwa Kikogwe huko Pangani, halafu anatuonyesha mikono yake iliyochanika anasema hii yote imetoka kwenye miche 62. Baba hajawahi kukalia usukani maisha yake yote. Mimi binti yake napita katikati ya ile mistari ya mkonge na gari langu, vioo nimeshusha, na nikwambie ukweli, najivunia.

Kuna trafiki alinisimamisha huko akauliza mama unatoka wapi unaenda wapi, nikamjibu natoka nyumbani narudi nyumbani. Akaangalia leseni, akaniangalia mimi, akasema haya mama, taratibu. Mtu baki alinielewa. Wifi yangu hakunielewa. Kwenye shughuli ya ndoa, wanawake wamejaa, nina sahani ya pilau mkononi, akasema kwa sauti kwamba mwenzenu huyu anamaliza mafuta ya kaka yangu kutafuta wanaume. Niliweka sahani chini nikaondoka. Ni miaka 3 sasa na bado naikumbuka ile sahani ilivyokuwa na maua pembeni.

Ndo maana nakwambia dada, usimfuate na bodaboda. Huyo mwanaume kazini ana watu, msikitini ana watu, kijiweni ana watu, kwako ana wewe na watoto na mama yake, ni wapi anakaa na nafsi yake? Kwenye gari mikono ina kazi, macho yana kazi, ndo kichwa kinapata nafasi ya kupumua, na mtu akipumua anarudi kwako akiwa mtu. Jamani wanawake tuache kuona kila mlango unaofunguliwa ni wa kwenda kwa mwanamke mwingine! Mzee ukimwita unamwita aje kufanya nini, kumkataza mtu kupumua? Mngojee na chai. Akitaka uende nae atakwambia, asipokwambia usijipakize.

Na wewe unayezunguka, hakikisha una mafuta. Mimi taa iliwahi kuwaka nimeshaipita Tongoni usiku, simu haina mtandao, nilirudi naendesha huku nasoma kila dua ninayoijua, tangu siku hiyo sitoki chini ya nusu tanki. Mafuta ya kuzunguka yasitoke kwenye ada ya mtoto, hela ikiwa ndogo zungukia Raskazone nusu saa inatosha. Simu iweke kiti cha nyuma. Usitoke na hasira, hasira inakanyaga mafuta yenyewe, kaa kwanza kwenye gari mpaka ishuke. Na Tanga yetu hii magharibi baiskeli ni nyingi na nyingi hazina taa, mzee katoka shamba na mzigo wake wa kuni humuoni mpaka umemfikia, kwahiyo kibao kikisema 50 wewe nenda 40, una haraka ya nini na huendi popote? Narudia tena, mafuta, na usitoke na hasira.

Yule dada nilimjibu hivihivi, asubuhi akaandika atajaribu wiki moja. Namuombea.

Mimi leo ni zamu ya Makorora. Wifi anakaa hukohuko na bado hajaniomba radhi. Jioni anakuwa kibarazani, nikifika hapo napunguza mwendo, napiga honi moja ya salamu, anageuza uso, mimi naendelea.