Wadogo zangu wa MD3 (mwaka wa tatu wa udaktari), anzieni chini kulia

Juzi kwenye raundi nimemkuta mwanafunzi wa MD3 akianza kupapasa wengu (bandama) chini kabisa ya mbavu za kushoto. Nikamshika mkono. Amejifunzia wapi? Akanijibu ameangalia video mara tatu. Nimelala na jambo hilo siku mbili, sasa naandika.

1. Masomo ya mtandaoni pakueni na bando la usiku. Sauti kwanza, slaidi zifuate, video mwisho.

2. Kupakua si kusoma. Vyuo vilipofungwa Machi 18, 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini, nilirudi kwetu Kondoa nikiwa MD3 kama nyinyi. Walimu wakawa wanatutumia slaidi na sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu, na mchana nilikuwa shambani naamia ndege, maana kweleakwelea wakishuka kwenye mtama hawabakizi kitu. Somo la tumbo nililisikiliza kwa sikio moja huku napiga debe. Kila faili lililofunguka nililiwekea tiki daftarini.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa, nikapanda basi kurudi Dodoma na tiki zangu. Wiki ya kwanza wodini nikapewa mama wa makamo kutoka Mpwapwa. Nikachukua historia vizuri, nikanawa, nikamwomba akunje magoti. Vidole nikaviweka chini ya mbavu za kushoto, nikamwambia avute pumzi. Nikakuta ugumu uliolingana kila mahali, hakuna ukingo uliokuja kugusa kidole. Nikadhani amekaza misuli. Nikaandika kwenye faili: wengu haupapasiki.

Mama akanitazama kidogo, kisha akauchukua mkono wangu akaushusha hadi chini ya kitovu. "Mwanangu, mwisho wake uko huku."

Ukingo wa wengu ulikuwa pale, na mkato wake (kile kibonyeo cha ukingoni) kabisa. Nilikuwa nimeanzia juu ya wengu wenyewe, ukingo ungenifikiaje? Ndiyo maana tunaanzia chini kulia, karibu na kinena, tunapanda mshazari kuelekea mbavu za kushoto: wengu ukikua unashuka kuja upande huo. Mwalimu alilisema kwenye ile sauti. Nilirudi kuisikiliza usiku, liko dakika ya 11. Na tiki yangu ipo.

Nililia stoo ya wodi. Hakuna aliyenikemea. Nililia kwa sababu nilishaandika, na yule mama angeona aibu kusema, daktari wa zamu angesoma maneno yangu akayaamini.

3. Papaseni hata watu wenye afya njema. Kule Kondoa sikuwa na mgonjwa, lakini nilikuwa na kaka wawili na matumbo yao, na miezi miwili na nusu ikapita sijamgusa hata mmoja. Hili bado linaniuma kuliko lile la faili.

4. Kwenye Zoom zimeni kamera muokoe bando, ila sauti ya mwalimu ikikatika mwambieni hapo hapo. Msisubiri desa la mwenzenu.

5. Usichokihisi usikiandike kama umekihisi. Andika huna uhakika, umwite mkubwa. Mimi nafika wodini saa moja na nusu asubuhi, nivuteni koti, sitachoka.

Yule wa juzi alinifuata jioni. Tuliomba ruhusa kwa mgonjwa, akapasha mikono yake moto, tukaanzia chini kulia.