Kulabu mbili za Main Street

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama majumba ya kale ya Jinja, hapa Uganda, yahifadhiwe, au yapishe maghorofa kwa kuwa tangu Julai 2020 sisi ni jiji. Nilikaa niandike neno moja: yapishe. Wanaosifia madirisha yale ya mbao hawajalala ndani yake mvua ya Aprili ikipiga. Mimi nimelala.

Tulihamia Main Street kutoka mtaa wa Walukuba mwaka 1981. Mwenye nyumba alikuwa ameondoka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90, lakini jina lake lilibaki juu ya mlango kwa herufi za saruji. Tulikuwa familia nne, kila moja na chumba chake, majiko ya mkaa barazani. Kwenye dari ya ukumbi palikuwa na kulabu mbili za chuma, nene kama kidole gumba. Mama alitundika mkungu wa matoke kwenye moja ili panya wasiufikie, na chemli kwenye ya pili. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, aliapa kwamba ni za kuchunia mbuzi.

Mwaka 1993 akaja mzee wa Kihindi na bakora yake. "Hodi, mama." Kiswahili chake kilishinda chetu. Hakutazama kuta. Alitazama juu, akacheka. "Matoke yamekaa mahali pa mama yangu."

Kumbe ilikuwa pembea. Mama yake alikaa hapo jioni akichambua mchele, akijisukuma kwa kidole cha mguu. Akatuonyesha sakafuni: saruji nyekundu ilikuwa imelika mahali pamoja, kishimo cha ukubwa wa sahani, ambapo miaka yote tulilaumu paa linalovuja. Mama akampa chai. Akanywa vikombe viwili.

Baada ya miezi mitatu tukaletewa barua ya kuhama. Sheria ya kuwarudishia Wahindi mali zao ilikuwa upande wake, na nakiri alitupa muda mrefu kuliko waliopewa majirani. Mama hakumlaumu. Baba hakulitaja jina lile la juu ya mlango mpaka anakufa.

Kwa hiyo msinililie kuta. Lakini ngojeni. Maporomoko ya Ripon ya Mto Nile, aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke 1862, yalifunikwa na maji kwa ajili ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Yale ya Bujagali yakafuata juzi juzi, sisi wenyewe tukitazama. Mji umeitwa kwa mawe, ejjinja ni jiwe kwa Kiganda, na mawe yenyewe tumeyazamisha. Tukivunja na Main Street, mgeni tutamwonyesha nini, daraja jipya la Nile la 2018?

Basi yasibomolewe. Ila mwenye nyumba anayekatazwa kubomoa apunguziwe kodi ya jengo, mabati yabadilishwe, na mpangaji apewe mkataba wa maandishi. Ghorofa likilazimu, lisimame nyuma, uani.

Nyumba yetu sasa ni duka la simu. Mwezi uliopita niliingia kununua chaja. Wameweka dari mpya ya jipsamu, nyeupe, na vigae sakafuni. Nilimuuliza kijana kuhusu kulabu. Akadhani natafuta kishikio cha simu, akaniletea vitatu nichague.