Ndege wa baharini: nenda Bempton Februari, usisubiri kiangazi

Wabongo wengi tunaoishi huku Uingereza tukiambiwa habari ya kwenda kutazama ndege wa baharini, yaani kama tumekubali kabisa maana wengine wanakucheka kwanza, tunasema ngoja kiangazi kifike. Mimi nashauri kinyume. Nenda mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, baridi bado ipo ipo, na kama ndio unaanza nenda Bempton Cliffs, majabali ya pwani ya Yorkshire ya mashariki, kaskazini kidogo ya mji wa Bridlington.

Kwa nini? Kiangazi pale wanakusanyika ndege kama nusu milioni. Kila kishubaka cha jabali kimejaa, makelele, huyu anatua yule anaruka, paki ya magari haina nafasi, na wewe mgeni huwezi kujua nani ni nani, unarudi nyumbani na picha kibao za vitu vyeupe. Mwisho wa baridi aina ni chache na hawana haraka maana hawajaanza kutaga, kwa hiyo unaweza kumkazia macho mmoja dakika kumi mpaka ukamjua anavyoruka, na ukishajua anavyoruka hata akiwa mbali kule baharini unamtaja jina bila kuuliza mtu.

Anza na ganeti. Wanaanza kurudi Januari, wengine msimu wa baridi walishuka mpaka maji ya Senegali huko, na Bempton ndio koloni lao, yaani mahali wanapozaliana kwa kundi, pekee lililo bara na si kisiwani kwa England nzima, hesabu ya 2017 ilipata zaidi ya jozi 13,000. Huyu humkosi: mabawa yakifunguka yanakaribia mita 2, mwili mweupe uliochongoka mbele na nyuma, ncha za mabawa nyeusi tii, kichwa kimepakwa manjano. Nenda mpaka kituo cha Staple Newk, pale penye tao la mwamba, uwatazame wakiwa wawili wawili. Mume na mke wakikutana baada ya miezi baharini wanasimama kifua kwa kifua wanagonganisha midomo juu juu, halafu dume anamng'ata jike shingoni. Usishtuke, ndio salamu zao. Na harufu nayo ipo, upepo ukigeuka unaweza kudhani uko Feri, soko la samaki la Dar, saa saba mchana samaki hawajaisha mezani.

Wa pili ni fulmari, na huyu ndiye anayewachanganya watu maana ukimwona mara ya kwanza utaapa ni shakwe. Angalia mabawa: shakwe anayakunja kidogo na kuyapiga piga, fulmari anayanyoosha yamekakamaa na kuteleza na upepo ukingoni mwa jabali, anaweza kupita mbele ya uso wako mara nyingi bila kupiga bawa hata mara moja. Ukiwa na darubini utaona kimirija juu ya mdomo. Ni ndugu wa albatrosi huyo, yule ndege mkubwa sana wa baharini, na akihisi unamsogelea kiota anakutemea mafuta yanayonuka vibaya mno, nguo haifai tena. Nikishataja albatrosi, 2021 na 2022 albatrosi mwenyewe, wa kule bahari za kusini, alikuwa anakaa hapo hapo Bempton kati ya maganeti, watu walifunga safari kutoka pande zote za nchi. Kwa hiyo kila ndege mkubwa anayepita mtupie jicho, huwezi jua.

Wa tatu ni gilemoti, na huyu ni suala la muda. Wakati huu wa mwaka wanakuja asubuhi na mapema, wanasimama wima wamebanana kwenye vishubaka, mgongo wa kahawia iliyokolea na tumbo jeupe, halafu kabla ya mchana wanaweza kuondoka wote kurudi baharini, na kuna siku hawatokei kabisa. Ukifika saa sita utaambiwa walikuwepo. Ni bora ulale Bridlington ili saa mbili asubuhi uwe tayari ukingoni. Kati yao mtafute rezabili, yeye ni mweusi zaidi, mdomo mnene wenye mstari mweupe.

Pafini? Yule mwenye mdomo wa rangi rangi ambaye yuko kwenye kila kikombe na kila kadi ya posta? Sahau, anakuja kuanzia Aprili hivi. Ukiwa na watoto waambie kabla hamjaondoka nyumbani, la sivyo mtagombana njia nzima.

Sasa baridi. Majabali yale yanapanda mpaka kama mita 100 na yanatazama Bahari ya Kaskazini, upepo wa kaskazini mashariki unakuja usoni moja kwa moja na hamna cha kujikinga nacho. Kipimajoto cha simu kikisema nyuzi 6 usikiamini. Vaa nguo nyembamba kadhaa badala ya sweta moja nene, koti la kuzuia upepo juu, mzula unaofunika masikio, soksi mbili, na buti zenye meno maana njia ni tope linaloteleza, raba ziache nyumbani. Chupa ya chai ya tangawizi ni lazima, kwangu hilo halina mjadala. Simu weka mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Darubini usinunue ya kukuza sana. Chukua ya 8x42, inakuza mara 8 na kioo cha mbele ni milimita 42, kinaingiza mwanga wa kutosha siku ya mawingu. Ya mara 12 kwenye upepo ule inatikisika mpaka unaona kizunguzungu.

Uzio usiuvuke, hata kwa picha moja. Jabali lile ni la chaki, inamomonyoka, na mvua na barafu za majira ya baridi zinaifanya iachie zaidi, pale unapoona majani pamoja na udongo chini yake panaweza kuwa hewa tupu. Upepo ukiwa wa mgongoni ndio balaa.

Ukichoka kutazama chini geukia mashamba, kipozamataza wanaanza kuimba siku za jua, na jioni bundi anapita chini chini juu ya nyasi. Halafu kaa kwenye benchi ufikirie kwamba zamani watu walikuja hapa kwa mashua kuwapiga ndege bunduki kwa starehe na kwa biashara ya manyoya ya kofia, wakati mabaharia walikuwa wanawategemea ndege hawa, kelele zao ziliwaonya kwamba jabali liko karibu kwenye ukungu. Ikapitishwa sheria 1869, ya mwanzo Uingereza kulinda ndege wa baharini, ila kuokota mayai kwa kushuka na kamba kuliendelea mpaka 1954.

Usafiri: treni ya Hull kwenda Scarborough inasimama Bempton, kutoka stesheni ni mwendo wa kilomita 2 kwa mguu. Jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo beba tochi, na ratiba ya treni ya kurudi iangalie kabla hujatoka nyumbani, hasa Jumapili.