Jibu: Je, inafaa kumgusa taa manta?

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kumgusa taa manta, yule samaki bapa mkubwa wa baharini, utakapotoka hapa Kigoma kwenda kupiga mbizi baharini. Tafadhali usimguse. Ngozi yake imefunikwa na ute unaomkinga dhidi ya maradhi, na mkono wa mtu huweza kuuondoa. Hana mwiba wa sumu kama taa wengine. Hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na matamvua anayopitishia maji hayo ndiyo yanayomponza, kwani hukaushwa na kuuzwa Asia kwa ajili ya dawa za kienyeji. Linaloniumiza zaidi ni kwamba jike huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya takribani mwaka mzima, kisha huweza kukaa miaka kadhaa bila kuzaa tena, hivyo pengo la wachache waliovuliwa huchelewa mno kuzibika.

Sisi tuliozoea kukaa mita 10 kutoka kwa sokwe wa Hifadhi ya Gombe tunaielewa adabu hii: mkaribie kwa ubavuni, tulia umbali wa mita 3 hivi, usimzibie njia wala kumfukuza, umwache aje mwenyewe. Ukipata picha ya tumbo lake, wape watafiti, kwa maana mabaka ya kila manta ni ya peke yake na humtambulisha.