Kwa mnaoanza kazi ya kukata tiketi: kilomita hazikupi saa

Abiria akikuuliza safari itachukua saa ngapi, usikimbilie kugawa umbali kwa mwendo wa ndege. Kutoka Heathrow, London, hadi JFK, New York, ni kama kilomita 5,540. Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo hesabu itakupa saa sita na dakika chache. Sasa fungua ratiba: kwenda ni karibu saa nane, kurudi karibu saba.

Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiisukuma ndege, safari inafupika. Ndege ikipambana nao, inarefuka. Februari 2020 ndege moja ya abiria iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56 tu, ikibebwa na upepo wa dhoruba. Usimwahidi mteja bahati ya namna hiyo. Mpe muda wa ratiba, ambao huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo.

Hata hizo kilomita ni za njia fupi kabisa juu ya duara la dunia, na si lazima ndege ipite hapo. Tangu 2022 mashirika mengi yanayoruka kati ya London na Tokyo yanaikwepa anga ya Urusi. Safari iliyokuwa ya saa 12 hivi sasa inakaribia 14, na umbali unaoonyeshwa kwenye kikokotoo haujabadilika.

Wageni wengi wa kazi hii hukwama kwenye saa za mahali. Muda wa kuondoka ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mji wa kuondokea, na wa kufika ni wa mji wa kufikia. Tuseme ndege inaondoka Tokyo Jumatatu saa 11 jioni na kufika Los Angeles Jumatatu hiyohiyo saa 5 asubuhi, majira ya kiangazi. Mteja atadhani tiketi imekosewa. Geuza zote ziwe UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za miji yote hupimwa kwayo: Tokyo toa saa 9, unapata saa 2 asubuhi, Los Angeles ongeza saa 7, unapata saa 12 jioni. Ni saa kumi kamili. Majira ya baridi Los Angeles huongezwa saa 8, kwa hiyo angalia tarehe ya safari kabla ya kuanza hesabu.

Kama kuna kuunganisha ndege, mtajie mteja saa za angani na jumla ya safari nzima kando kando, kisha mwandikie tarehe ya kutua kwa saa za huko. Ndiyo atakayompa mtu wa kumpokea, na ndiyo ataitumia kuweka nafasi hotelini.